Kitambaa cha Bombani

Mwezi wa saba, Forest ya Zamani.
Upepo wa Loleza unachuna masikio
na mimi nimepiga magoti jikoni kwa Bibi Tumpe
nakiangalia kitambaa.

Kipande tu cha khanga iliyochakaa,
kimeviringishwa kwenye koki
kama bandeji kwenye kidole cha mtoto.
"Hiki cha nini, bibi?"
"Bomba linang'ata," akasema,
vile mtu angesema mbwa wa jirani anabweka.
"Asubuhi ndiyo zaidi. Mtu akiwa anaoga."

Miaka miwili wanaishi hivyo.
Mjukuu, Anyosisye, anafungua maji kwa kandambili.
Mgeni huambiwa mlangoni:
ugonile, karibu ndani, usishike bomba.
Mchungaji alikuja akalipaka mafuta.
Bomba likamng'ata na mchungaji.

Nikatoa testa, nikagusa chuma.
Kitaa chake kikawaka,
chekundu kama jicho la aliyekesha msibani.
Bafuni, hita ya kuogea imechoka tumboni,
inavujisha umeme kidogo kidogo,
na umeme uliovuja una haja moja tu:
kushuka chini.

Njia ilikuwepo zamani.
Fundi wa kwanza, simjui jina,
aliufunga waya wa ethi kwenye bomba la maji,
bomba la chuma,
lililotoka nje, likapita chini ya mikaratusi,
likalala udongoni hadi barabarani
kama mzizi.
Hakuandika popote. Nani angeandika?

Kisha wakaja watu wa maji na mitaro yao.
Wakafukua chuma kilicholiwa na kutu,
wakatandika plastiki nyeusi, mpya, isiyovuja.
Maji yakapona.
Hakuna aliyeiambia nyumba
kwamba imekatwa mguu.

Nyuma ya banda la kuku nikagongelea fito ya shaba.
Udongo wa kiangazi, mkavu, wa majivu ya milima iliyowahi kuwaka;
nyundo inalia, kuku wanalalamika.
Mita ikasoma mia na sabini.
Wapo mafundi wangemwaga chumvi, waondoke;
chumvi hula shaba taratibu, na fundi hayupo.
Nikagongelea ya pili. Tisini na kitu.
Bibi akatoka na shuka begani:
"Ziko ngapi hizo? Au unapanda miti?"
Ya tatu.

Halafu kazi ya ndani, ya kukaza vibano:
bomba la baridi, bomba la moto, sinki la bati,
wote wafungwe waya mmoja wa kijani na njano.
"Hao Yanga," Anyosisye akanuna. "Nyumba hii ni ya Simba."
Nikamwambia waya huu hauna jezi nyingine.

Bibi akataka kujua:
"Sasa umeme hautaingia tena bombani?"
Sikumdanganya. Unaweza kuingia.
Ila ukiingia, bomba na sinki na hita
vitapanda pamoja, vitashuka pamoja,
na swichi mpya ukutani itakata kabla hujasema aah.
Kinachoua, bibi, ni tofauti:
mkono umeshika kilicho juu,
mguu umekanyaga kilicho chini,
na wewe katikati umefanywa daraja.

Akafikiri.
"Na bei ya waya," akauliza, "imepanda pamoja na nini?"

Hita niliing'oa, nikaitupa kwenye toroli.
Nikawasha umeme wote, nikapima. Nikapima tena.
Nikalowesha kiganja, nikalishika bomba
huku nimevua buti, miguu kwenye saruji,
mtoto akiziba macho.

Baridi.
Baridi ya Mbeya tu, hakuna kingine.

Nikakifungua kile kitambaa, nikakianika dirishani.
Tukanywa chai ya tangawizi, akanilipa nusu,
nyingine viazi vikivunwa.

Nikiwa getini nafunga ngazi kwenye pikipiki
nikamwona kupitia kioo, ameshika birika,
anataka maji.
Mkono ukaenda bombani, ukasita,
ukarudi dirishani
kuchukua kitambaa.